Mikebe Miwili ya Simiti

Jumatatu, 23 Juni 2003

Barua imetoka kiwandani. Kila mtu aliyepita miaka hamsini atapimwa na daktari wa kampuni tarehe 14 mwezi ujao. Presha ikiwa juu, unaenda nyumbani, kazi imeisha. Mume wangu Makokha ana hamsini na mbili, na presha iko juu tangu Krismasi. Alisoma amesimama, akaikunja barua, akauliza chai iko wapi. Ee Bwana, tuangalie.

Alhamisi, 26 Juni

Nyumba imegeuka jim! Mitungi ya maji ya lita kumi, mmoja kila mkono. Kigoda cha jikoni ni cha kupanda na kushuka. Leso yangu ya kanisa — ile mpya! — ameifunga kwa mlango anaivuta. Halafu ametengeneza chuma: bomba la maji, na kila upande mkebe wa mafuta ya kupika uliojazwa simiti. Anasema ameitengeneza simiti miaka kumi na tisa, sasa nayo imtengeneze yeye. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mzee mmoja Mmasai alikuwa anapitisha ng'ombe nyuma ya ua. Sopa, akatusalimia. Akasimama kutazama. "Sasa hayo maji unapandisha, unashusha. Unapeleka wapi?"

"Athi River, kiwandani!" Makokha akamjibu.

Jumatano, 2 Julai

Amepungua. Suruali inashikwa na mshipi tu. Mama Kui wa jirani anasema mume wangu amerudi kijana, nimchunge. Nimecheka naye. Lakini nikimpanguza mgongo jasho lake ni baridi, kama ukuta asubuhi. Na macho mekundu. Mtaa mzima wa Noonkopir unamsifu, mimi ndiye sina raha.

Jumamosi, 5 Julai

Leo nimeona. Nilikuwa natandika kitanda, nikapata dawa zake za presha chini ya godoro. Binti yetu Nanjala, yule nesi wa Kajiado, ndiye alimletea. Ziko vile vile! Hajameza hata moja tangu barua ije.

Nikamwuliza. Hakukataa. Musau, wanafanya kazi pamoja, amemwambia daktari atachukua mkojo, na dawa itaonekana kwa mkojo, na hapo watajua huyu ni mgonjwa. Kwa hivyo lazima aende na mwili safi. Presha itatoka na jasho.

Nikasema, Baba Nanjala, tuulize mtoto, si yeye ndiye amesomea? Akachukua Bibilia kabatini, akaushika mkono wangu, akauweka juu.

"Apa hutamwambia."

Nikaapa. Miaka ishirini na sita ya ndoa — sikujua nitasemaje la.

Jumatano, 9 Julai

Kichwa kinamwuma, upande mmoja. Anasema ni misuli. Ameacha mitungi ya kumi, sasa anainua ya ishirini.

Nanjala alipiga simu kwa Mama Kui, nikaitwa. Akaniuliza, baba anameza dawa? Nikasema anaendelea vizuri, hata amepungua. Nimerudi nimepiga magoti.

Jumamosi, 12 Julai

Kikombe kimemponyoka. Akacheka, eti mkono umelala. Lakini anaongea kama mtu ana ugali moto mdomoni. Nilipomwambia, akasema mimi ndiye sisikii vizuri. Jioni akarudi kwa chuma, akainua na mkono wa kulia peke yake. Ule mwingine anaupumzisha, eti afike Jumatatu na nguvu.

Jumapili, 13 Julai

Sikuenda kanisa. Nimevunja kiapo. Mungu aniadhibu mimi, asimguse yeye.

Nimeenda kwa Mama Kui kupiga simu, nikamwambia Nanjala yote. Hakunigombeza, na hiyo ndiyo ilinitia hofu. "Mama, rudi, mwambie ainue mikono yote miwili. Halafu tafuta gari."

Nitamwambiaje? Nikaanza pambio. Makokha hasikii pambio bila kuitikia. Nikainua mikono, naye akainua. Wa kulia ulifika juu kabisa. Wa kushoto ulibaki kwa goti, na yeye anaimba tu, macho amefunga. Hajui! Nikaendelea kuimba. Singeweza kunyamaza.

Bwana wa Mama Kui, Gichuru, ameleta pikapu mpaka kwa geti. Makokha anasema Gichuru arudi nayo, kesho ana kazi. Maneno yanatoka mazito lakini nimeyasikia: "Mama Nanjala, ukinipeleka hospitali leo, wewe ndiye umenifuta kazi." Nikamwambia si hospitali, tunaenda tu kumsalimia mtoto. Uongo, na siku ya Bwana.

Akakubali. Ameniacha nimvalishe kiatu cha kulia. Cha kushoto akanisukuma — yeye si mtoto, atavaa mwenyewe, nimngoje.

Naandika nikiwa hapa kwa kitanda ili asione namwangalia. Gichuru amepiga honi. Amepiga tena.

Bado anavaa.