Ukuta wa Ng'ambo ya Ziwa

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini mkono wangu haujui kuanza barua yako bila shikamoo. Nakuandikia nikiwa Kigoma, kwenye benchi la nje ya gesti ile ile tuliyolala mimi na wewe, na matope ya kilima bado yako viatuni. Nina jambo la kukiri. Nikisubiri hadi nifike Tabora kwenye kaburi lako, najijua, nitasoma dua na kuondoka kimya kimya.

Unakumbuka ulivyonisumbua? Kila Ijumaa nilipofunga duka langu la ushonaji pale Mtendeni, mjini Tabora, na kuja kwako Chemchem, nilikukuta barazani na kofia mapajani, unatoboa vitundu na kuvizungushia uzi. Hata chai sijanywa, unaanza: "Baba, lini?" Uliniita baba kwa kuwa nimebeba jina la baba yako, na nilijua unachouliza. Babu yako alikuwa mpagazi. Alibeba mizigo ya watu kutoka Tabora hadi Ujiji kwa miguu, na kitu pekee alichoiachia familia ni maneno: kwamba ziwa lile lina ukuta ng'ambo, ukuta wa milima, na ukiuona unasahau mzigo uliobeba. Ulitaka kuuona ukuta huo. Mimi nikawa nasema baada ya Idi, baada ya sare za shule, baada ya harusi ya fulani. Mwisho daktari akatuambia macho yako yanakufa taratibu kuanzia pembeni, na kwamba kilichokwisha kwenda hakirudi. Ulimsikiliza vizuri, ukamshukuru. Tulipotoka nje ukaniambia, "Sasa naona kwa kitundu, kama hivi vyangu vya kofia. Usingoje kizibe."

Wiki ile ile tukapanda basi.

Nilidhani nakupeleka kutazama ziwa, kumbe wewe ulianza kutazama tangu stendi. Ulikaa dirishani, na kila mara ukawa unaniuliza habari za upande ambao kitundu chako hakiufikii. "Kulia kuna nini?" Mabani ya kukaushia tumbaku. "Na sasa?" Miti. "Na sasa?" Miti, Shangazi, bado ni miti. Tulipita Urambo, tukapita Kaliua, na miombo haikuisha. Ukanigeukia ukasema polepole, "Babu aliitembea hii yote? Na mzigo kichwani?" Tangu utoto nilikuwa nikiisimulia safari ile kama mtu anayesimulia kwenda sokoni, na siku hiyo, basi likikimbia saa baada ya saa, ndipo nilipouogopa urefu wake kwa mara ya kwanza. Tulipofika daraja la Malagarasi ulisimama ili uyaone maji. Konda akakuambia, "Mama, kaa chini, utaanguka." Ukamjibu, "Nimekaa chini miaka sabini, baba. Niache nisimame kidogo." Basi zima likacheka, na konda mwenyewe akakushika mkono hadi tukavuka.

Stendi ya Kigoma vijana wa bodaboda walituzunguka, ukawakatalia wote. "Babu hakufika kwa pikipiki." Basi tukateremka kwa miguu hadi Ujiji, mkono wako begani mwangu na kikapu chako cha kofia mkononi mwangu. Hapo ndipo tulipoliona ziwa. Uliingiza miguu majini, ukachota kwa kiganja, ukaonja. Ulitegemea chumvi, kwa ukubwa ule. "Matamu," ukasema, ukashangaa kama mtoto. Kisha ukanyanyua uso kutafuta ukuta, na ukuta haukuwepo. Ulikuwa msimu wa kiangazi, mashamba yanachomwa kila mahali, na ng'ambo kulikuwa na weupe mtupu wa moshi. Ukasema ni sawa, kesho. Mimi nilitaka kulia, kwa sababu nilijua ni mimi niliyekuchelewesha.

Asubuhi tukapanda kilima. Ulipumzika mara nyingi kuliko nilivyohesabu, na kila ukipumzika ulinicheka kwamba mimi ndiye ninayehema. Kule juu palikuwa na jiwe bapa, ukaketi, ukatoa kitambaa cha kofia mpya na penseli yako, maana hukuwahi kukaa mahali bila kazi. Weupe ulikuwa pale pale. Ukaniambia nikakutafutie chai. Nikateremka hadi kwenye kibanda cha chini. Mama wa pale alikuwa ndiyo kwanza anawasha moto, kwa hiyo nilikawia. Niliporudi na chupa ya chai na maandazi, nilikukuta unatabasamu peke yako.

"Nimeuona," ukasema.

Nikatazama. Weupe. Hakuna kitu, Shangazi. Ukanyoosha kidole, ukaniuliza, "Na wewe unauona?" Nikakuambia, "Naam, nauona. Mkubwa kweli." Ukanitazama kidogo, ukachukua chai yako, ukasema, "Haya."

Hilo ndilo la kwanza ninalokiri. Nilikudanganya kwa sababu nilidhani macho yako ndiyo yanayokudanganya, na nikaona nisikuvunje moyo.

La pili ni kofia. Ulirudi Chemchem ukaishona miezi mingi, mpaka kitundu kikaziba kabisa, na pindo la mwisho ukalimalizia kwa vidole tu. Ukanipa. "Hii ni yako. Usiiuze." Nikaitazama nikashtuka. Kofia zako zote zilikuwa na maua yanayolingana, ua na ua mwenzake, hata asiyekupenda hakupata pa kusemea. Hii ilikuwa na mstari mmoja umezunguka ukanda wa pembeni, unapanda na kushuka bila mpango: kilima kifupi, kinachofuata kimenenepa, kisha kirefu chenye pengo utosini, kisha mteremko mrefu hadi mwisho. Unanijua. Mimi fundi cherehani, mstari uliopinda unaniuma kama jino. Nikasema, "Nzuri sana, Shangazi," nikaenda kuizika chini ya sanduku. Hata siku ya mazishi yako sikuivaa. Jioni ile watu walipokuwa wakisema marehemu alibahatika kuliona ziwa na ukuta wake, nilimnong'oneza mke wangu: hakuona kitu, ilikuwa ni weupe tu, na kofia ile ni ushahidi wa macho yake.

Safari hii, niliposema narudi kilimani kwetu kukukumbuka, mke wangu ndiye aliyeitia kofia kwenye begi langu. "Unakwenda kwenye kilima chake, nenda na kofia yake." Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Asubuhi nikapanda kilima peke yangu, natereza, nashika majani, na mkono wako begani haupo. Nilifika kwenye jiwe letu nikiwa nimeinama, nahema. Kisha nikanyanyua kichwa.

Shangazi, nisikufiche, nilishika jiwe kwa mikono miwili. Jua lilikuwa mgongoni kwangu, na ng'ambo ya maji yale yote ukuta ulikuwa umesimama, wa buluu, kutoka upande huu wa dunia hadi ule. Ziwa lenyewe, ambalo siku ile nililiona halina mwisho, lilikuwa limelala chini yake. Nikasema Subhanallah, nikarudia, na sikupata neno lingine. Nikamwona mpagazi wetu akitua mzigo. Niliketi sijui kwa muda gani. Jasho likanitoka, nikafungua begi nitafute kitambaa cha kujifutia, mkono ukatoka na kofia.

Kilima kifupi. Kinachofuata kimenenepa. Kirefu chenye pengo utosini. Nikainyoosha mbele ya macho, nikaizungusha kidogo kidogo, na mstari wako ukakaa juu ya mstari wa milima.

Mama mmoja aliyekuwa anapita na jembe akasimama. "Baba, unapima nini?" Nikamwonyesha. Akatazama kofia, akatazama ng'ambo, akairudia kofia. "Mbona kaipatia!" akasema. "Aliyeshona hii alikaa hapa hapa. Ila lazima alipata asubuhi nzuri. Kiangazi ule ukuta hufunguka kidogo tu, halafu basi."

Kidogo tu. Muda wa moto kuwaka na maji kuchemka. Uliuona wote kwa kitundu chako, ukauchora kwa penseli kabla haujafungwa, na mwenye macho mawili mazima alikuwa kibandani. Na nilipokuambia "nauona", ulijua sioni kitu. Ndiyo maana hukubishana. Ulikwenda ukanishonea, ili siku nikija niujue.

Nimeivaa sasa hivi ninapoandika. Kesho basi linaondoka alfajiri, na nitashuka nayo stendi ya Tabora, nitapita nayo Mtendeni kwa mafundi wenzangu wote, hadi kwa mke wangu, nimwambie nilichomnong'oneza hakikuwa kweli. Kisha nitakuja kwako.

Lala salama, Shangazi. Umeuona.

Mimi mwana wa kaka yako,
niliyekwenda kuleta chai.