Waya wa Pili

Timau,
Jumatano.

Mama mpendwa,

Hamjambo huko Gakindu? Mgongo umetulia, au bado unapanda kilima na gunia la kahawa kama msichana? Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo haijakaa chini tangu Jumatatu. Naandika kwa karatasi, nimpe jirani anayesafiri kesho, kwa sababu simu yako huiweka kwa sauti kubwa na hili silitaki lisikike na sebule nzima.

Unajua niliajiriwa kuunganisha kompyuta za shamba hili la maua. Ofisi ina zake, banda la kufungia maua lina zake, na katikati kuna kifaa kinachoitwa briji. Briji hujifunza kompyuta ipi iko upande upi, hivyo ujumbe wa mmoja huupeleka kwa mwenyewe. Lakini tangazo la wote hulipitisha kote, sawa na simu yako! Mimi nilitaka ruta, ambayo huacha kila upande uwe nyumba yenye mlango wake, na matangazo ya nyumba moja hayavuki. Meneja akasema tungoje.

Basi nikaongeza waya wa pili kati ya pande hizo, ili wa kwanza ukikatika tusikwame. Si wewe uliyenifundisha kuwa ng'ombe mkali hafungwi kwa kamba moja? Mama, tangazo lilipita waya huu likarudi kwa ule, likazunguka, likazaana, mpaka kompyuta zote zikakwama. Lebo za maboksi hazikuchapishwa. Lori la maua likaondoka nusu tupu. Nilipogundua, niliuchomoa waya wangu kimyakimya na kila kitu kikaamka.

Meneja akauliza nani ameharibu. Nikajisikia nikisema, "Labda ni fagio imevuta waya."

Mama Kendi, anayesafisha banda, alikuwa hapo hapo na ndoo yake. "Ati mimi? Mimi sijagusa waya yenu!" Akanigeukia. "Wambui, si wewe ndio uko na hiyo masomo? Waambie."

Sikuwaambia. Mama Kendi amerudishwa nyumbani mpaka nilete ripoti ya chanzo kesho asubuhi. Na ndiye aliyeniazima blanketi wiki yangu ya kwanza, baridi ya mlima iliponishinda. Naona aibu, Mama. Nimeianza ripoti mara nne, nikatoka nje, nikarudi, nikafagia chumba ambacho tayari ni safi. Njia ya mwongo ni fupi, nami nimefika mwisho wa yangu. Sasa ripoti nimeimaliza. Palipoulizwa chanzo, nimeandika jina langu. Miezi yangu ya majaribio haijaisha, kwa hiyo wanaweza kunifukuza.

Msalimie Baba, umwambie buti alizonipa hazijaingiza maji. Msalimie kaka Muriuki na ng'ombe wake, na shangazi Nyambura wa kwaya, ila huyo usimsomee barua hii.

Ukiniona langoni Jumamosi na sanduku, usiniulize mbele ya watu. Nipe chai kwanza. Na usishangae nikisikia baridi, blanketi nitakuwa nimelirudisha kwa mwenyewe.

Binti yako,
Wambui