Mlango Uliomshinda Kocha

Dukani kwa fundi cherehani,
Nyuma ya soko.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Upepo,

Hujambo? Wifi hajambo? Watoto je, wanakula vizuri? Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba umri umesogea. Mama anaendelea vizuri. Miwani mpya ameikataa, anasema inamwonyesha mikunjo yake, kwa hiyo anavaa ile ya zamani na kutusalimia kwa kubahatisha. Shemeji yako anakusalimu, na bado anakoroma.

Sasa kaa vizuri, nina habari za timu yetu. Na usiseme dada kaanza umbea.

Msimu huu tumefungwa mpaka tumezoea. Tatizo ni Komeo, golikipa yule yule uliyecheza naye. Ana miaka arobaini na moja, goti limekwisha, mpira wa chini anausindikiza kwa macho. Na kila Ijumaa Kocha anakuja dukani, anachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, anaandika majina kumi na moja mlangoni kwangu kama zamani, na la kwanza ni Komeo.

Basi duka likageuka bunge. Mwenye bucha anakuja na aproni yake, anasema kocha si mama mzazi, mapenzi ayaache nyumbani. Nesi wa zahanati, aliyeleta gauni nimpunguzie mwezi uliopita na kila akija kulichukua analisahau kwa ubishi, anasema mchezaji akijua atatupwa siku yoyote atacheza kwa woga. Mwenye bucha akamjibu kwamba Komeo hana woga hata chembe, na bado tunafungwa manne. Nilicheka mpaka nikajidunga sindano. Lakini roho iliniuma, maana nami nilikuwa upande wa mwenye bucha.

Iliniuma kwa sababu Kocha namjua, na wewe ni shahidi. Unakumbuka utaratibu wake: mchezaji hapati habari ya kuachwa kwa kusoma mlangoni. Alhamisi Kocha anakwenda kwake, anapiga hodi, anakaa, anamwambia usoni. Siku alipokuja kukuambia wewe, ulijifungia bafuni. Marehemu Baba akasema unaoga. Kocha akasema atasubiri, akamaliza vikombe viwili vya chai na wewe bado unaoga. Ulipotoka mkalia wote wawili, Baba akawa hajui ambembeleze nani, mwanawe au mgeni. Siku zile, ndugu yangu. Nyumba ilijaa viatu vya matope na harufu ya dawa ya kuchua, nikawa nagomba kutwa, kumbe ndiyo raha yenyewe. Nazikumbuka sana.

Jumatano wanachama walikutana hapa dukani, wengine wamesimama hadi barabarani. Mwenye bucha akamtaka Kocha aachie timu. Kocha kainamisha kichwa. Ndipo Komeo akasimama, polepole, kwa ajili ya goti.

"Kocha," akasema, "tangu msimu uanze, kila Alhamisi nakaa nyumbani nakusubiri. Nimechoka, ila siwezi kukuacha mimi kwanza. Mbona huji?"

Kocha akainua kichwa. "Nimekuja mara nne," akasema. "Nafika mlangoni, narudi."

Mwenye bucha alitoka nje akajifanya anatazama kama kuna mvua. Mimi nililia bila kujificha. Kumbe kila mmoja anamwonea mwenzake huruma, na goti linazidi kuharibika.

Alhamisi Kocha akaenda, akapiga hodi kwa Komeo. Ijumaa likaandikwa jina la golikipa mpya. Jana tukashinda moja bila, Komeo akiwa benchi anapiga kelele kuliko wote. Mwenye bucha, yule yule aliyetaka Kocha afukuzwe, ndiye aliyembeba mabegani. Tukajua yamekwisha.

Leo asubuhi Kocha amekuja nyumbani, si dukani. Kapiga hodi, kakaa, chai kaiacha ikapoa. Akasema anaacha timu. Tulimsihi, mimi na shemeji yako. Nikamwambia kosa moja halifuti miaka ishirini. Akatikisa kichwa. "Nimempenda vibaya mpaka goti likaisha," akasema. "Mlango mmoja umenishinda, sitaki kungoja wa pili."

Anapita nyumba kwa nyumba kwa wachezaji wake, wa sasa na wa zamani, awaambie mwenyewe. Alipokuwa anaaga akaniuliza kwako ni mbali kiasi gani. Nikasema siku mbili za safari, bora nikupigie simu. Akakataa, akasema habari ya simu haina tofauti na ya kusoma mlangoni. Akaniomba nikuandikie leo hii, na barua ikufikie mkononi kabla hujasikia kwa watu. Basi hii ndiyo hodi yake, mdogo wangu. Mkaribishe.

Binamu yetu dereva anaondoka kesho na ndiye atakayekuletea. Mpe chakula, usimwache aondoke na njaa. Msalimie wifi, wabusu watoto, na shangazi mwambie kitenge chake kimeshonwa tayari. Mungu awafunike nyote, awape afya na usingizi mwema.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda tangu hujajua kufunga kamba za viatu,

Fundi