Majike Wawili na Beberu Mmoja

Kola,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Mwanangu Mutanu,

Kosa ambalo watu wengi hufanya wanapoulizwa swali mbele ya kanisa ni kujibu kwa mazoea. Nimeanza na hilo kabla hata ya kukujulia hali, lakini unanijua. Salamu ni hizi: tuko wazima, isipokuwa goti la mwaitu, mama yako, ambalo linamsumbua akiteremka shambani. Wewe je? Kile kikohozi cha Mwende kiliisha? Mdogo wake ameanza kutembea?

Ningepiga simu, lakini simu hainipi nafasi ya kueleza, na mwalimu mstaafu akikosa kueleza huugua. Kwa hiyo Wangechi atakuletea barua hii akija kuuza mboga hapo getini kwenu, kiwandani EPZ.

Jumapili ya tarehe ishirini na tatu mumeo Kisilu atasimikwa kuwa mzee wa kanisa. Askofu akishamuuliza yeye, atakugeukia wewe: “Je, nyumba hii ina uaminifu?” Nimehudhuria ibada nyingi za namna hiyo. Wake hujibu “ndiyo” kabla swali halijaisha, kama mtu anayepokea chenji. Wewe usifanye hivyo. Vuta pumzi kwanza, uitazame nyumba yako moyoni, ndipo ujibu. Ndiyo ya kanisani huanzia sokoni. Mnunuzi akikuuliza kama maharagwe yamekauka, na mkono wako unajua bado yana unyevu, mwambie yana unyevu. Anayeshindwa na maharagwe hatayaweza makubwa.

Kisilu alikuja mwenyewe kuniomba mbuzi wa karamu ya askofu. Nilimfungulia zizi kwa furaha. Alichagua majike wawili wachanga na beberu mmoja, wote wasio na dosari. Jike mmoja ni mjukuu wa yule uliyemlea kwa chupa. Nilimwambia, “Umechagua vizuri kama Mkamba wa zamani.” Akacheka sana.

Baba yako,
Ndambuki


Athi River,
Jumatatu, 10 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima. Kikohozi cha Mwende kimeisha. Mpe mwaitu pole ya goti.

Usinipigie simu. Tangu Ijumaa simu yangu inakaa kwa Kisilu.

Alhamisi wakati wa chakula, Muringo, yule tunayeshona naye laini moja, alinionyesha picha ambayo binamu yake aliiweka kwenye simu. “Mama Mwende, si huyu ni bwana yako? Mbona amependeza hivi, anaoa?” Tukacheka wote. Kisha nikaangalia. Ilikuwa boma fulani la Katelembo. Kisilu alikuwa na suti ya harusi yetu. Kando yake alikuwa Ndunda, msimamizi wetu wa harusi, yule aliyezishika pete zetu mkononi hadi kiapo kilipokwisha. Kulikuwa na wazee viti vya mbele, na msichana amefungwa leso mpya mabegani. Na mbele yao, Baba, mbuzi watatu wenye sikio la kushoto lililokatwa ncha. Alama yako. Yule mjukuu wa mbuzi wangu nilimjua hata bila sikio.

Nilimuuliza Kisilu. Hata hakukana.

“Nani amekuonyesha?”

“Wewe nijibu kwanza. Hiyo ni ntheo?”

“Mila ni mila, kanisa ni kanisa. Usichanganye.”

“Na sisi tulioapa kanisani?”

“Mama Mwende, usiniletee fujo. Jumapili ile utasimama na mimi, utasema ndiyo, halafu tutaongea kama watu wazima.”

Hilo nalilia, lakini silo lililonifanya niandike. Askofu hachinjiwi majike wachanga. Hakuna mtu Kola nzima anayechinja jike ambaye hajazaa. Majike wawili na beberu mmoja, wasio na dosari, ni mbuzi wa ntheo, ni mbuzi wa kufunga ndoa. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo, siku ya ntheo yangu, ukiwa umewashika mkononi.

Baba, ulipomfungulia zizi, ulijua?

Binti yako,
Mutanu


Athi River,
Jumatatu, 17 Machi 2025

Baba,

Natumaini mko salama. Wangechi anasema alifika nyumbani akamkuta mwaitu peke yake, na mwaitu akasema umesafiri, hakusema wapi. Wewe ambaye hata kwenda Machakos mjini unaaga kuanzia jana yake.

Basi nimeusoma ukimya wako. Wote mlijua. Kisilu alijua, Ndunda alijua, wewe ulijua, nami nikawa nashona mifuko ya suruali na kuimba.

Sitasumbua mtu tena. Jumapili nitavaa ile nguo ya bluu, nitasimama, nitasema ndiyo. Watoto wana baba, wewe una mkwe mzee wa kanisa, kila mtu atakula.

Mutanu


Kola,
Alhamisi, 20 Machi 2025

Mwanangu,

Hujambo? Najua huna hali nzuri ya kunieleza, lakini nakuuliza kwa sababu nataka kujua. Mwaitu amekuombea hadi sauti imekauka. Goti amelisahau.

Sikujua. Macho yangu yaliwaona majike wawili na beberu mmoja, na kichwa changu kikamwona askofu. Nilifurahi mno kuwa na mkwe wa kusimikwa, na mtu mwenye furaha ya namna hiyo hahesabu mbuzi, hata awe amewahesabia wengine maisha yake yote. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba amechagua kama Mkamba wa zamani, na bado sikusikia nilichosema. Ndiyo maana alicheka.

Barua yako ilipofika nililala na homa. Nilipoinuka nilikwenda Katelembo, kwa sababu sikutaka kukujibu kwa kubahatisha. Boma nililipata kwa kuuliza. Mwenyewe ni mzee mpole, anaitwa Wesley. Majike wetu walikuwa wamefungwa chini ya ghala lake.

“Karibu mzee. Unatoka wapi?”

“Kola. Nimewafuata mbuzi wangu.”

“Hawa? Hapana, hawa ni wa mkwe wangu.”

“Ni wa mkwe wangu pia.”

Alicheka, akaona mimi sicheki. “Mkwe wako ni nani?”

“Kisilu.”

Mutanu, yule mzee alisimama. Alivua kofia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Pole sana, mwenzangu. Kumbe wewe ndiye baba wa marehemu.”

Nilikaa chini bila kukaribishwa.

Waliambiwa ulifariki ukijifungua mtoto wa pili. Ndunda ndiye aliyesema, mbele ya wazee, akashusha kichwa, wakanyamaza kwa heshima yako. Mke wa Wesley alilia. Nilimwambia, “Marehemu yuko Athi River, anashona suruali.” Yule msichana alikuwa mlangoni na sufuria ya chai. Aliiweka chini, akarudi ndani, akaufunga mlango. Yeye pia amesalitiwa, usimchukie.

Wesley alitaka niondoke na mbuzi. Nilikataa. Mbuzi wa ntheo hurudishwa kwa aliyewaleta, mbele ya walioshuhudia, na sababu ikatajwa. Hiyo nayo ni mila, na Kisilu anaijua. Mila anayojifunika nayo haimruhusu kumzika mkewe akiwa hai.

Sasa nikueleze jambo moja, kisha ninyamaze. Kusamehe si kusema uongo kwa niaba ya aliyekukosea. Sikuambii uivunje ndoa, wala sikuambii ubaki. Hayo utayaamua ukiwa umetulia, na zizi na nyumba yangu viko wazi kwako na watoto. Lakini ukisema ndiyo Jumapili, utakuwa wa pili, baada ya Ndunda, kusema kwamba hupo.

Pia usimvizie. Maandiko yanasema ndugu akikukosea, nenda kwake kwanza, na asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili. Mpe nafasi ya kukiri mwenyewe kabla ya Jumapili. Asipoitumia, Wesley na mimi tutakaa benchi la nyuma. Hatutasema neno. Tutasubiri lako.

Siku Wangechi atakapokupa barua hii, ukitoka kazini mchukue Muringo, nendeni pamoja hadi nyumbani, mlango ubaki wazi, na umwambie Kisilu: “Jumapili nitajibu kweli.”

Baba yako,
Ndambuki