Choo cha Mama, Chumba cha Chini

Jumatatu, 15 Desemba 2025

Mama anaruhusiwa Jumamosi! Nyonga imeunga vizuri, ila daktari amesema asichuchumae tena maisha yake yote. Na choo chetu ni kile cha shimo nyuma ya migomba. Mama kasema kama ni mambo ya kujisaidia kwenye ndoo, bora abaki wodini. Namjua, hatanii.

Bahati chumba cha chini, kile tulichochimba kwenye mteremko, kina mabomba tayari chini ya sakafu. Yamelala miaka miwili. Kesho nanunua choo cha kukaa.

Jumatano, 17 Desemba

Fundi Primus wa Kiboriloni amefika. Kabla ya kufunga choo akamimina ndoo ya maji kwenye bomba. Yakapanda, yakapanda — yakaniishia kwenye viatu! Anasema limeziba, na chemba ya nje, shimo la kukagulia bomba, haionekani. Ama tuvunje sakafu, ama nimuulize aliyelaza mabomba.

Aliyelaza ni Leodegar. Heri tuvunje sakafu.

Alhamisi, 18 Desemba

Niandike ukweli, hakuna anayesoma. Mwaka juzi, kwenye kituo cha maziwa, nilimwita Leodegar mwizi wa mabomba mbele ya foleni nzima. Aliacha kazi siku hiyo hiyo. Wiki iliyofuata nikayakuta mabomba zizini, chini ya majani ya ng'ombe. Niliyaweka mwenyewe! Nikanyamaza. Na mimi ni mwalimu, kanisani nakaa benchi la mbele.

Leo nimekata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba. Kwetu ukiletewa isale lazima usamehe. Ndiyo maana naona haya, kama namlazimisha.

Ijumaa, 19 Desemba

Nimempelekea. Shikamoo fundi. Marahaba, bila kuniangalia. Nikampa jani kwa mikono miwili, mkewe Kornelia akishuhudia, nikasema yote.

Akaligeuzageuza. "Mwalimu, isale inanifunga nisamehe. Hainifungi nije kuchimba."

Lo! Kisha akauliza Mama anatembeaje. Nikamwambia, kwa magongo. Akasema basi nikayaseme haya kituo cha maziwa, pale pale nilipomchafulia jina.

Jumamosi, 20 Desemba

Nimesema! Foleni nzima iligeuka, uso ukaniwaka moto. Leodegar alikuwa nyuma na dumu lake. Akapimisha maziwa, akaniambia twende.

Kutoka kona ya chumba akahesabu hatua kumi na moja, akasimama kwenye mgomba wangu mchanga. "Hapa." Nilipanda mgomba juu ya chemba! Tukaung'oa, tukachimba. Mdomo wa bomba aliuziba mwenyewe wakati ule kwa gunzi na kipande cha gunia, panya wasiingie. Akalivuta. Tukamimina ndoo — maji yakashuka yote! Nikapiga vigelegele peke yangu.

Saa nane. Choo kimekaa. Simenti mbichi, kisikaliwe mpaka kesho.

Saa nane na nusu, gari! Mama ameshuka na magongo, hataki kushikwa. Akaiona isale, Leodegar ameichomeka juu ya mlango wa choo. Akamtazama yeye, akanitazama mimi. Hakuuliza nani kampelekea nani. Nikamwambia simenti mpaka kesho, Mama, utaweza kusubiri kweli?

"Hiyo isale nimeisubiri miaka miwili," akasema. "Simenti itanishinda?"

Kumbe alijua siku zote kuwa nilimsingizia! Sasa kakaa kando ya Leodegar, wanacheka, na ameagiza chai. Kikombe kikubwa.