Kadi ya Baba Yake Kofia

Mama Libérate, shikamoo. Kila Jumamosi nakusoma gazetini hapa saluni kwetu Sydenham, Durban, wateja wakiwa chini ya mashine, na kusema kweli mara nyingi nawacheka wanaokuandikia, lakini leo ni zamu yangu, na unisamehe kama nitazunguka, maana jambo lenyewe ni la utotoni na mambo ya utotoni hayaji yamepangwa mstari.

Ni juu ya kaka yangu Athanase. Ana miaka arobaini na mitatu, anatengeneza simu Umbilo Road, na ndiye aliyenilea. Tulipokimbia Uvira mwaka 1996 yeye alikuwa na miaka kumi na mitatu na mimi sita, baba akatuvusha ziwa pamoja na mama, kisha akasema anarudi mara moja kumchukua nyanya, kesho yake tutamwona, na huo ndio mwisho wa kumwona. Kambini, upande wa Kigoma, mtu bila kadi si mtu, bila kadi hakuna unga wala maharage wala dawa, na pale langoni waliiangalia kadi yako kwanza ndipo wakakuangalia wewe. Mama anasema siku zile niliacha kula. Sikulia, sikuuliza kitu, nilikaa tu na kikombe cha uji mpaka kinapoa.

Sasa iko kanisa lilileta maboksi ya viatu kutoka Amerika, vimejazwa magazeti ndani ili visibonyee, na watu walipokuwa wanagombania viatu Athanase alikuwa anaokota yale magazeti, maana mengine yalikuwa kurasa za katuni, za rangi, na ndani yake kulikuwa na mtoto mmoja mwenye kofia kubwa inayomfika masikioni. Tukamwita Kofia. Huyu Kofia katika kila katuni anafungua vipaketi, na ndani ya kipaketi zinatoka kadi, kila kadi ina sura ya mwanamume mbele na namba nyingi nyuma, naye anaziangalia, anasikitika, anafungua kingine. Sisi ni watoto wa Kifaransa, Kiingereza hatukukijua hata neno. Sura mbele, namba nyuma, kwetu hicho ni kitambulisho, kingekuwa nini kingine? Athanase akaniambia Kofia anatafuta kadi ya baba yake. Baba yake amezuiwa kwenye lango fulani kwa sababu kadi yake imechanganyika na za watu wengine, na siku Kofia atakapoipata, lango litafunguliwa.

Akabandika zile katuni kwenye daftari la shule kwa ugali uliolainishwa maji, akakata vikaratasi vidogo akabandika juu ya vile viduara vya maneno, akaandika Kiswahili chake. Alikuwa ananisomea kwenye foleni ya uji. "Maliza uji, nitakufungulia ingine," ndivyo alivyosema, picha moja kwa vijiko viwili, na nilikula, Mama Libérate, nilikula ili Kofia aendelee kutafuta. Kulikuwa na mwanamume mmoja wa masharubu aliyekuwa anatokea kwenye vipaketi mara kwa mara, kila Kofia anapofungua ni yeye tena. Nikamuuliza Athanase, "Huyu ni nani?" Akasema, "Ni baba ya bengine." Nikasema, "Sasa atamutupa?" Akasema, "Hapana. Anamuweka kwa batoto bake," yaani anawatunzia watoto wa yule mtu.

Mpaka leo, miaka mingi tangu tufike huku Durban, namwota Kofia. Namwona anapita South Beach katikati ya yale maghorofa, bahari iko kimya, hakuna magari, robot, zile taa za barabarani, zinabadilika rangi bila mtu wa kuvuka, naye anatembea polepole anafungua vipaketi, karatasi zinapeperuka nyuma yake, na hajakua hata kidogo. Mimi nimekuwa mama wa watoto wawili na yeye bado ana kofia ileile. Nikiamka nabaki kitandani muda mrefu, si kwa huzuni, ni kama mtu aliyetembelewa.

Basi mwezi uliopita mteja wangu mmoja, Saarah, mzaliwa wa hapahapa Durban, alikuja kusukwa akiwa na mwanawe, na mtoto alikuwa na kitabu kikuukuu cha katuni zilizokusanywa kutoka magazeti ya zamani. Nikachungulia nikamwona Kofia. Nikaacha kusuka. Nikamuuliza Saarah yule mtoto anatafuta nini, akacheka kidogo, akasema, "Eish, Aunty, hizo ni kadi za wachezaji tu. Baseball, kama cricket hivi. Unanunua chingamu, ndani iko kadi, watoto wanakusanya, wanabadilishana." Nikamuuliza na huyu wa masharubu? Akasoma, akasema ni mchezaji hovyo, mtoto amechoka kumpata yeye kila siku na hakuna anayetaka kubadilishana naye.

Hapo ndipo nilipofanya vibaya. Nilikwenda dukani kwa Athanase, yeye akiwa na mteja, nikalitoa lile daftari kwenye droo anamoliweka, nikaja nalo saluni, nikaviweka vile vikaratasi kwenye mashine ya mvuke mpaka vikabanduka, nikasoma kilichokuwa chini. Ni kweli kama alivyosema Saarah. Halafu nikalinganisha na kile kitabu, nilichokuwa nimeazima kwa Saarah, nikaona katika daftari letu picha nyingine hazimo, zimekatwa kwa wembe, zile za watoto wakiwa uwanjani na gongo na mpira, labda hazikuenea kwenye ukurasa, sijui. Ni wiki mbili sasa. Athanase anatafuta daftari na hasemi anatafuta nini, anafungua droo anafunga, na mimi namwangalia.

Ningelirudisha nikanyamaza, lakini iko mama. Mama yetu Élisabeth moyo wake umechoka, daktari amesema wazi, na anachotaka ni kimoja tu, tutoe matanga ya baba, tumlilie mbele ya watu na kufunga msiba. Miaka yote hii hajavaa kitenge cha rangi, hajawahi kulala katikati ya kitanda. Mwaka mpya alisema mbele yetu sote, "Athanase, nataka tutoe matanga ya baba yenu mbele miye sijakufa. Miye niko bibi ya nani? Niko mjane ao siko?" Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anasimama mbele ya watu na kusema marehemu ameenda, bila yeye matanga hayatoki. Athanase kila mwaka ni vilevile, ananitazama mimi, kisha anainamisha kichwa, anasema, "Mama, bado. Wakati haiko." Mimi najua ni kwa sababu ya Kofia. Hata siku ya harusi yangu alinivuta pembeni akaniuliza, "Anto, ungali unamukumbuka Kofia?" Nami ili nisimvunje moyo nikamjibu, "Namukumbuka, kaka. Siku moja ataipata." Akaenda kusimama peke yake barazani mpaka keki ikakatwa.

Mama ametaja Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa nane, ukumbi wa kanisa. Je, nimwambie kaka yangu kwamba hadithi aliyoibeba maisha yake yote ilitokana na kutojua Kiingereza, kwamba hakuna baba, hakuna lango, ni chingamu tu? Nina hofu atavunjika. Au tutoe matanga mimi na mama, yeye asijue? Nisaidie, nimekwama.

Antoinette, Sydenham

MAMA LIBÉRATE ANAJIBU

Marahaba, Antoinette. Kwanza nikugombeze, ndipo nikuhurumie, maana nikianza na huruma sitamaliza kazi.

Umeingia duka la kaka yako ukaiba. Usiniambie "nililitoa", umeiba, tena kitu ambacho hata mwizi wa Umbilo asingekichukua. Na ukakiweka kwenye mvuke, mashine ya nywele. Wiki mbili unamtazama mtu mzima akifungua droo na kufunga, na jioni unakula. Mwanangu, hilo limeniuma kuliko yote uliyoandika.

Sasa keti vizuri nikuonyeshe kilicho mbele ya macho yako. Umesema picha zilizokatwa ni za gongo na mpira, na labda hazikuenea kwenye ukurasa. Za gongo na mpira tu ndizo hazikuenea? Antoinette, mtoto asiyejua kinachoendelea kwenye katuni hachukui wembe akakata hasa zile picha ambazo zingeuharibu uongo wake. Inawezekana hakukijua Kiingereza, lakini mchezo aliuona. Aliona watoto wanacheza, wanacheka, wanabadilishana kadi. Akajua kwamba si vitambulisho. Wewe ulikosea, ukiwa na miaka sita, na ulikuwa na haki ya kukosea. Yeye hakukosea. Aliona dada yake hali chakula, mama yake hasemi, akakata picha, akafunika maneno, akakupa baba kwa vijiko viwili viwili vya uji. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake pia alikuwa amepotea, na hakuna aliyemsomea yeye hadithi.

Na miaka kumi na mingapi anatengeneza simu katika mji wa Kiingereza, unadhani bado hajui chingamu ni nini?

Kwa hiyo ondoa hofu yako ya kumvunja. Huna habari ya kumpa. Swali lako umelielekeza mahali pasipo pake. Ungeuliza kwa nini Athanase bado anangoja, maana jibu umeliandika wewe mwenyewe bila kuliona: mama yenu anapoomba matanga, yeye hamtazami mama, anakutazama wewe. Siku ya harusi yako alikuuliza kama bado unamkumbuka Kofia. Alikuwa anaomba ruhusa. Alitaka umwambie, kaka, yale yalikuwa ya utoto, nimekua, nimeolewa, unaweza kuutua mzigo. Wewe ukamjibu siku moja ataipata. Ulijibu kwa upendo, najua, sikulaumu. Lakini ulimrudishia mzigo begani siku ileile aliyokuja kuutua, ndiyo maana alikwenda kusimama barazani.

Hivi ndivyo mlivyoishi, ninyi wawili. Yeye hatoi matanga asikuvunje, wewe husemi kweli usimvunje, na katikati yenu mama mzee amelala upande mmoja wa kitanda. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na daktari amekwisha kuwaambia kifo kiko wapi.

Kutoa matanga bila yeye ni mwiko, usilifikirie tena. Ungemzika baba na kumpoteza kaka siku moja. Na wala usimwendee na kitabu cha Saarah ukimfundisha baseball, utamwaibisha bure. Chukua lile daftari, ubandike vikaratasi vyote palepale vilipokuwa, hata kama ni kwa ugali. Jumapili hii, mchana, duka likiwa limefungwa, mpelekee mkononi. Mwambie nililichukua mimi, nisamehe. Hatakuuliza kwa nini. Nawajua watu wa namna hiyo, nilizaa mmoja.

Wala usimngoje aseme. Mimi mwenyewe nilimzika mdogo wangu bila mwili, tulizika koti lake huko Rumonge, na nakuambia kwamba kilichotuzuia miaka saba hakikuwa kukosa mwili. Kila mmoja alikuwa anangoja mwingine alitamke neno. Mama alimngoja baba, baba alimngoja mama, na mimi niliwangoja wote wawili kwa sababu nilidhani ni adabu.

Kuhusu ndoto zako, huna wazimu. Mtoto yule alikulisha, mwache apite South Beach anavyotaka. Lakini ndoto ni yako, usiifanye kuwa kifungo cha kaka yako.

Mwezi wa nane uko karibu, ukumbi ulipiwe, kitenge cha mama kishonwe cha rangi anayoitaka yeye. Athanase atasimama mbele ya watu, atasema, na atalia, na mtamwacha alie, maana hajawahi kupewa nafasi. Ila hawezi kuanza yeye. Aliyelishwa ndiye anayesema nimeshiba. Kwa hiyo Jumapili, daftari likiwa mikononi mwake, wewe mdogo mtu ndiye utakayelisema lile ambalo katika nyumba yenu halijasemwa tangu mlipovuka. Mwite kaka, umtazame, useme: baba amekufa, na mimi najua.