Nyongeza Iliyompita Shangazi

Tarehe 3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia, na magoti hayakusumbui kupanda zile ngazi za kiwandani. Mimi mzima, ila macho yanawasha kwa kukodolea kompyuta kutwa.

Hatimaye nimepewa kazi ya maana. Unajua ofisi yetu ya takwimu kila mwaka hutangaza mishahara imepanda kiasi gani. Inajumlishwa yote, inagawanywa kwa idadi ya watu, basi. Sasa mkuu wangu anataka tumfuate mfanyakazi mmoja mmoja: mwaka juzi alipata ngapi, mwaka jana ngapi, mwaka huu ngapi. Tuone wangapi wamepanda, wangapi wameshuka, wangapi wamebaki palepale, na kama waliobaki ni walewale kila mwaka.

Wenzangu wanasema nimetupiwa mzigo. Mimi naipenda kazi hii. Labda kwa sababu nimelelewa na kusomeshwa na mtu anayeshona kola za mashati, na sijawahi kusikia yeyote akiuliza yeye mshahara wake umekwendaje.

Haya, mambo ya kazini vipi? Niambie yote, usinipe ya juujuu.

Mwanao

*

Tarehe 28 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Kifua kimepona. Magoti yana maneno yao, lakini tunaelewana. Hongera kwa kazi, na hayo macho uyapumzishe, hayauzwi dukani.

Nilitaka nikufiche ya kazini, ila nikiandika uongo mwandiko wangu hupinda, ungejua tu. Mwezi uliopita meneja alibandika tangazo mlangoni: mishahara ya kiwanda imepanda kwa wastani wa asilimia saba. Nikalisoma mara mbili. Mimi sijaongezewa hata senti huu mwaka wa nne. Msimamizi wetu akasimama katikati ya mashine, akasema kwa sauti, "Ambaye hajaona nyongeza ajiulize ana kasoro gani."

Basi nimejiuliza. Naona nimezeeka, mwanangu, vidole vimepungua kasi. Mama Vifungo, yule wa mashine ya jirani, kila mwaka ananiambia kaongezewa, nami namjibu, "Hata mimi." Naona haya. Siku hizi chakula cha mchana nakula peke yangu nyuma ya stoo.

Sisi tuliovuka hamsini tumeletewa fomu: tuondoke kwa hiari, tupewe kifuta jasho kidogo. Mwisho wa kusaini ni tarehe thelathini Aprili. Nitasaini. Bora nitoke mwenyewe kuliko kuambiwa sifai.

Baba yako usimwambie. Namjua kaka yangu, atakuja na kelele zake mpaka getini.

Shangazi yako

*

Tarehe 9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na salamu nyingine utanidai. Tafadhali usisaini!

Nikueleze nilichokiona wiki hii. Niliwapanga watu kwenye mchoro: waliopungukiwa kushoto, walioongezewa kulia, na katikati kabisa wale ambao mshahara haukusogea. Nilitegemea hapo katikati pawe na watu wachache. Nikakuta mstari umesimama kama mnara. Katika kila wafanyakazi mia moja, arobaini na mmoja wako hapo, kwenye sifuri. Kumi na wawili wameshuka. Wengi wa waliopanda wamepanda kidogo tu, halafu mbali kule kulia kuna watu wachache walioongezewa nusu ya mshahara, hata zaidi. Hao wachache ndio wanaouvuta wastani juu.

Nikawafuata kwa miaka minne. Zaidi ya nusu ya waliokuwa kwenye sifuri mwaka wa kwanza hawajatoka hapo hadi leo. Wamo wazee, wamo vijana wa miaka ishirini na tano wenye vidole vya kasi. Shangazi, ungekaa nami ukauona huo mchoro, hilo neno kasoro lingekutoka kichwani.

Wewe sikukutafuta humo. Majina hayapo, ni namba tupu, na hata yangekuwepo nisingefungua. Kwa hiyo hali ya kiwandani kwenu siijui. Lakini hata wewe huijui! Waulize wenzako kwanza. Anza na Mama Vifungo.

Mwanao

*

Tarehe 17 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Hujambo huko? Hii ni barua ya tatu tangu ile ya mchoro. Simu haipatikani. Baba alipita kwako Jumapili akakuta kufuli, na jirani akamwambia siku hizi unachelewa kurudi. Baba ana wasiwasi, lakini sijamwambia neno.

Tarehe thelathini imepita. Kama ulisaini, ulisaini, sitakulaumu. Kama nilikuudhi kwa kukufundisha kazi yako mwenyewe, nisamehe. Nilikuandikia kama karani, nikasahau naongea na nani.

Sina swali lingine. Nijulishe tu kama uko salama.

Mwanao

*

Tarehe 2 Juni

Binti yangu,

Marahaba mara tatu, nilipe na madeni. Niko salama. Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya nguo, ikafa na sabuni zake. Na nilinyamaza kwa kuogopa kukupa furaha nusu. Sasa sikiliza.

Barua yako ya mchoro ilifika tarehe ishirini na saba, fomu ikiwa ndani ya mkoba wangu. Kesho yake mchana nikamfuata Mama Vifungo. Nikamwambia, "Mwenzangu, mimi nimekuwa nikikudanganya. Nina miaka minne sijaongezewa."

Akaacha kutafuna. "Minne?" akasema. "Mimi mitano."

"Si ulikuwa unaniambia..."

"Na wewe si ulikuwa unanijibu hata mimi?"

Tulicheka mpaka akapaliwa, nikampiga mgongo. Halafu akalia kidogo. Alikuwa na fomu kama yangu, naye alishapanga kusaini.

Mchana uleule tukapitisha boksi tupu la nyuzi. Tukasema kila mtu aandike namba mbili tu, mshahara wa mwaka jana na wa mwaka huu, jina asiweke. Zikaja karatasi sitini na tatu. Arobaini na tano hazikusogea. Saba zimeshuka. Kumi na moja zimepanda, na moja kati yake imepanda theluthi nzima. Huyo hatukumtafuta, maana aliandika ukweli wake kama sisi. Tukazibandika mlangoni chini ya tangazo la meneja, kwa mpango ule ulionieleza. Ule mstari wa katikati ukafika kwenye kitasa.

Meneja akashuka. "Nani kabandika huu uchafu?"

Nikasema, "Mimi." 

Mama Vifungo akasema, "Na gundi ni yangu."

Tukapandishwa ofisini sisi wawili. Mhasibu akaitwa aeleze. Maskini, jasho likamtoka, akasema ile saba kwa mia imehesabiwa pamoja na wakubwa wa ghorofani, ambao waliongezewa vizuri. Meneja akamtazama, sisi tukamtazama meneja.

Fomu sikusaini. Vikao na uongozi vikachukua mwezi mzima baada ya kazi, ndiyo maana jirani anasema nachelewa. Ijumaa wametia sahihi wao: fomu zimefutwa, watano waliokuwa wameshasaini wanarudishwa, na kila aliyekaa miaka mitatu bila nyongeza anaongezewa kuanzia Julai, asilimia tano. Wale saba walioshuka bado tunawabishania, tumepewa wiki mbili.

Sasa tunakula mezani wote, kelele zetu mpaka msimamizi anafunga mlango wake. Jana nililala nikaamka jua limeshaingia chumbani. Sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini.

Shangazi yako

*

Tarehe 8 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena ya kupiga magoti. Barua yako nimeisoma kwenye korido, nikakaa chini palepale na sketi yangu nyeupe. Mkuu wangu akapita, akaniona nafuta macho. Akaniuliza, "Kuna msiba?"

Nikamwambia, "Hapana. Shangazi yangu hakusaini."

Hakuelewa kitu, lakini akakaa chini na yeye, nikamsomea yote.

Mwanao